Miti Niliyoikisia

Jumatatu, 13 Juni 1994. Milima ya Umatengo

Wiki ya sita tuko kwa miguu. Leo tumepima miti thelathini na miwili, kiwanja cha tisa, yaani kipande cha tisa cha msitu. Ukungu haukuondoka hadi saa saba mchana.

Kazi yenyewe ni hii: mimi nazungusha tepu kwenye shina la mti, nasoma namba kwa sauti. Lidwina anaiandika, kisha anasogea na kopo la rangi kuupiga mti namba yake, ili atakayekuja miaka kumi ijayo aujue. Bwana Rupert ndiye mkubwa wetu, anataja jina la mti na kushika ramani. Beda anabeba chakula na kupika. Wanne tu, tangu tulipopanda kutoka upande wa ziwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Tukifika Songea tutapumzika na kuchukua unga mpya, halafu tutaendelea kaskazini kwenye milima ya Lukumburu mpaka mwezi wa tisa.

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu vidole vina baridi.

Jumanne, 14 Juni

Huyu binti Lidwina ananichosha. Ana miaka ishirini na minne, ametoka chuoni juzi, na kila namba anataka nirudie.

"Mzee Yohanes, umesema mia na thelathini na tatu, au thelathini na nane?"

"Nane."

"Samahani, naomba uangalie tena."

Nikaangalia tena. Nikasema nane kwa sauti kubwa zaidi. Mimi niko kazini tangu yeye hajaanza darasa la kwanza.

Jumatano, 15 Juni

Lidwina ana homa, amebaki hemani. Beda ndiye aliyeandika. Beda haulizi kitu. Kiwanja cha kumi kimeisha upesi.

Alhamisi, 16 Juni

Lidwina bado yuko kitandani. Kiwanja cha kumi na moja kina miti sitini na minne, na tulimaliza kabla ya saa tisa. Bwana Rupert akasema, "Leo mmekimbia, Mzee." Nilifurahi kusifiwa. Baadaye, nikinawa miguu kwenye kijito, furaha ile ikaondoka.

Jumamosi, 18 Juni

Leo hatufanyi kazi, mvua nyembamba imetufungia hemani. Nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu, na nilichoandika juzi kuhusu baridi ya vidole nakifuta. Si vidole. Ni macho.

Ilianza mwaka jana. Vitu vya mbali naviona kama zamani. Jana nilikuwa wa kwanza kumwona mwewe upande wa pili wa bonde, na nikawahesabia wenzangu mashimo ya ngoro kwenye mashamba ya Wamatengo kule chini, mstari kwa mstari. Lakini kitu kikiwa karibu ya mkono, kinayeyuka. Kwenye jua ninaweza kurudisha kichwa nyuma na kukamata namba. Ndani ya msitu, penye kivuli na ukungu, alama za tepu ni sisimizi. Tatu na nane ni kitu kimoja. Sita na sifuri ni kitu kimoja. Nautazama unene wa mti, nakisia, nasema kama niliyeona.

Kwa nini sisemi? Kwa sababu ya upunguzaji wa wafanyakazi. Mwaka jana walinzi wawili wa msitu, tulioajiriwa pamoja, walipewa barua za kuacha kazi. Mwezi uliopita tulipopita Mbinga, Bwana Rupert aliambiwa kwamba orodha nyingine inakuja ofisini Songea. Nina miaka arobaini na minane na elimu yangu ni ya darasa la nane. Mpima miti asiyeona tepu, hata mimi ningeanza na huyo.

Jumatatu, 20 Juni

Unga umebaki wa siku tatu. Kiatu cha Beda cha kushoto kimefunua mdomo. Tunashuka.

Ijumaa, 24 Juni. Ruhuwiko

Nipo nyumbani kwangu, hapa Songea. Tumeingia saa kumi jioni, wote wanne, tukifuata njia za miguu kando ya barabara ya Mbinga, na Bwana Rupert mwenye shahada yake anachechemea kuliko mimi. Mke wangu, Hilda, alikuwa anaanua mahindi uani. Hakupiga kelele wala kukimbia. Aliweka ungo chini, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Karibuni. Mmekonda kama mbwa wa wawindaji." Halafu akaingia jikoni kubandika maji.

Sijui kama mtu ambaye hajakaa wiki saba mlimani anaweza kuelewa ndoo ya maji ya moto. Nilijimwagia kikombe kimoja kimoja ili yasiishe. Tope la mlima lilitoka kwenye masikio, kwenye kitovu, katikati ya vidole. Nilipotoka, ugali ulikuwa mezani, na likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga, na kuku. Hilda anasema kuku yule alikuwa amemwekea binti yetu Dorine akirudi kutoka chuo cha uuguzi, lakini leo ni siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kwa hiyo siku ya somo wangu. Nilikuwa nimesahau. Beda alikula mpaka akafungua mkanda. Lidwina alisinzia akiwa ameshika kipande cha ugali, Hilda akakitoa mkononi mwake taratibu na kumpeleka kulala kwenye kitanda cha Dorine.

Tutakaa hapa siku kumi. Bwana Rupert na Beda wamechukua chumba cha mbele.

Jumamosi, 25 Juni

Nimelala mpaka saa tatu asubuhi.

Jumapili, 26 Juni

Misa ya pili. Hilda alinipa kitabu cha nyimbo akiwa amekifungua ukurasa wenyewe, nami nikakishika na kuimba kwa kichwa. Katikati ya wimbo alinitazama kidogo, akarudisha macho mbele. Kumbe nilikuwa nimeruka ubeti mmoja.

Jumatatu, 27 Juni

Ofisini. Barua ya orodha haijafika. Tumepokea unga, maharage, dagaa, betri za tochi na buti za Beda, zimempita kidogo lakini atavaa soksi mbili. Karani alituambia wafanyabiashara wa mbao wameshaomba kibali cha kukata miti kwenye ule mlima wa viwanja vyetu vya mwisho, na wakubwa wanasubiri namba zetu waamue. Bwana Rupert akaitika tu. Mimi niliinama nikafunga upya gunia la maharage.

Jumanne, 28 Juni

Nimekwenda sokoni kutafuta uzi wa kushonea mkoba. Soko limebadilika sana tangu nilipoondoka, mitumba imefika mpaka karibu na stendi: makoti ya Wazungu, viatu, mabegi, hata taulo. Pembeni kijana mmoja wa kutoka pwani, anaitwa Sefu, ametandika turubai na kumwaga juu yake miwani, labda mia mbili, imeshikana miguu kama kaa.

"Karibu, Mzee. Shikamoo. Jaribu bure."

"Marahaba. Napita tu."

"Napita tu ndiyo wote wanaanza hivyo. Kaa hapa."

Nikakaa kwenye debe. Nikavaa ya kwanza, dunia ikainama. Ya pili, ya tatu, giza tu. Sefu ananipa moja baada ya nyingine kwa uvumilivu kama mama anayelisha mgonjwa. Ya tisa au ya kumi ilikuwa ya kike, rangi ya zambarau, pembe zake zimepanda juu kama mabawa, na mguu mmoja umefungwa waya. Nikaivaa. Sefu akanipa kipande cha gazeti, lakini mimi nikaingiza mkono mfukoni nikatoa tepu. Natembea nayo siku zote.

Niliivuta. Namba zikasimama. Moja, mbili, tatu. Tatu ilikuwa na tumbo wazi na nane ilikuwa imefunga. Katikati kulikuwa na vistari vidogo vya milimita, na nikaviona vyote, vyembamba na vyeusi, vimejipanga. Niliivuta tepu mpaka mita mbili, nikisoma kwa sauti, watu wakasimama kutazama. Sefu akauliza kama mimi ni fundi nguo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeivaa. Hilda alinitazama kwa muda.

"Ya kike hiyo, Baba Dorine."

"Inaona."

"Umefanana na Sista aliyetufundisha hesabu." Akarudi kwenye mboga zake. Halafu akasema bila kugeuka, "Nilikuwa najiuliza utasema lini."

Jumatano, 29 Juni

Nimesoma kila kitu nyumbani humu. Barua zote tatu za Dorine, ambazo Hilda alizoea kunisomea. Kadi ya kliniki ya mwaka 1975. Maandishi ya chini ya sahani. Nimesoma pia daftari hili tangu mwanzo, mistari inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

Lakini kadiri ninavyosoma, ndivyo viwanja vile vinavyonikaa kifuani. Miwani nimepata. Naweza kunyamaza, kwenda kaskazini na kupima vizuri kuanzia sasa, na hakuna atakayejua. Hilo nimelifikiri mchana kutwa.

Alhamisi, 30 Juni

Nimemwambia.

Bwana Rupert alikuwa amekaa uani anachora ramani, chai iko pembeni. Niliomba kukaa. Nikavua miwani, nikaiweka mezani, nikamwambia kwamba kabla ya hii nilikuwa sioni tepu, na namba nyingi nilikisia.

Alidhani natania. Kisha akaweka penseli.

"Unasema namba zote ni za uongo?"

"Si zote. Nyingine niliziona."

"Zipi?"

"Sijui, Bwana Rupert. Hapo ndipo pabaya. Sijui zipi."

Ana miaka thelathini na mmoja, mpole, sijawahi kumsikia akimgombeza mtu. Hakunigombeza hata leo. Alisema kwa sauti ya chini, "Namba hizi zinakwenda na jina langu, Mzee. Zinaamua mlima ukatwe au uachwe. Kule chini kuna vijiji vinakunywa maji ya ule mlima." Akakunja ramani. "Wiki saba. Wiki saba za watu wanne." Akatoka, akaenda upande wa barabara. Chai yake ikapoa pale pale.

Mimi nilibaki nimekaa. Nilitegemea nitajisikia vibaya zaidi. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo ila bega bado linauma.

Beda alikuwa amesikia kutoka jikoni. Akaja, akasimama. "Kaka, mimi niliandika nilichosikia." Nikamwambia najua, hana kosa. Akakaa nami mpaka jua likahama.

Ijumaa, 1 Julai

Nataka kuliandika hili kama lilivyokuwa.

Asubuhi nilikuwa kwenye kigoda nashona mkoba, Lidwina akaja na daftari lake la kazi kifuani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeshaambiwa."

"Nimeambiwa. Naomba nikuonyeshe kitu."

Akachuchumaa, akafungua kurasa. Safu za namba, mwandiko wake mdogo ulionyooka. Pembeni ya kila namba kulikuwa na nukta ya penseli, ndogo mno. Hata kwa miwani niliisogelea.

"Kila penye nukta nimesoma mwenyewe," alisema. "Nilipokuwa nakuja kupiga rangi, tepu ulikuwa bado umeishika kwenye mti. Nilisoma pale. Ikiwa tofauti na uliyosema, niliandika ya kwenye tepu."

"Tangu lini?"

"Tangu Bwana Rupert alipotuachia tepu, siku ya kwanza."

"Na kule kuniuliza uliuliza kwa nini, kama ulikuwa unasoma mwenyewe?"

"Ili usiiachie mapema. Nipate muda wa kufika."

Sindano ilinichoma kidole. Wiki saba nimeandika humu kwamba binti huyu ananichosha. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa Bwana Rupert au kwangu.

Alichezea kona ya ukurasa. "Baba yangu alikuwa mwalimu, kule Mbesa. Nilipokuwa darasa la sita aliacha kusoma kitabu mbele yetu. Alikuwa anasema, Lidwina, simama uwasomee wenzako. Nilidhani ananipenda kuliko wengine. Siku moja mkaguzi akaja, akamwambia asome yeye. Baba akashika kitabu, akasoma ukurasa mzima kwa kichwa, vizuri kabisa. Lakini ulikuwa ukurasa mwingine. Darasa zima likacheka, na mkaguzi akacheka." Akafunga daftari. "Na mimi nilicheka, Mzee. Kabla sijaelewa."

Nilimwambia asante, nikamwambia tena.

Zimebaki siku mbili tu zisizo na nukta, zile alizougua: kiwanja cha kumi na cha kumi na moja. Alipompelekea Bwana Rupert daftari, nilimwona bwana huyo dirishani akipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, kisha akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Akatoka nje.

"Viwili," akaniambia. "Viwili tutarudia. Wewe ndiye utakayepima."

"Na ripoti?"

"Nitaandika kwamba viwanja viwili vimepimwa upya. Ndiyo ukweli, basi." Akaitazama miwani yangu. "Ungeniambia mapema, Mzee. Ningekutafutia miwani isiyo na mabawa."

Ni mara ya kwanza leo mtu kucheka katika nyumba hii, na tulicheka wote.

Jumatatu, 4 Julai

Kupumzika hasa kumeanza sasa. Nimelala mchana. Beda na Hilda wanabishana juu ya namna ya kupika maharage. Lidwina amefua nguo zake zote na kukaa juani na khanga ya mke wangu, anasoma.

Jumatano, 6 Julai

Tumepata lori la mnunuzi binafsi wa kahawa linalokwenda Umatengo. Mwaka huu si chama cha ushirika peke yake kinachonunua, na magari yanapishana barabarani. Tumekaa juu ya magunia matupu, upepo unakata.

Ijumaa, 8 Julai

Kiwanja cha kumi. Makosa kumi na moja.

Jumamosi, 9 Julai

Kiwanja cha kumi na moja, mchana kutwa. Bwana Rupert alikaa juu ya gogo, akitazama. Nilizungusha tepu, nikasoma, Lidwina akaandika kwenye ukurasa mpya mbele ya zile za zamani. Kati ya miti sitini na minne, nilikosea ishirini na mitatu. Kuna mmoja niliusema mia na themanini na sita, kumbe ni mia na hamsini na sita. Niliona aibu kila namba zilipopishana, lakini aibu ya kuona ni nyepesi kuliko ile ya kukisia. Ilikuwa inapita, mti unaofuata unakuja.

Miti arobaini na mmoja niliipata sawasawa mara zote mbili. Nilijivuna kama mtoto.

Alhamisi, 14 Julai. Ruhuwiko

Tumerudi jana kuchukua mizigo. Leo tumepita ofisini, barua ilikuwa imefika.

Bwana Rupert aliisoma kwanza, akatoka nayo mpaka nilipokuwa nimekaa kwenye ngazi. Akanipa. Nilivaa miwani. Majina kumi na manne, langu la tisa. Mwisho wa kazi ni tarehe 31 Desemba.

Niliisoma tena polepole, nikaona kitu: barua imeandikwa mwezi wa tatu. Majina yalichaguliwa kabla hatujapanda mlima, kwa kuangalia vyeti vya shule. Macho yangu hayamo. Kule kujificha kote, zile namba zote nilizozikisia ili nisionekane, hakukuokoa kitu hata siku moja.

"Naweza kuwaandikia," alisema Bwana Rupert. "Niwaeleze ulivyofanya kazi."

"Waandikie ukipenda. Lakini orodha yao wameshaimaliza."

"Utakwenda nasi kaskazini?"

"Mpaka mwezi wa tisa nitakwenda. Sitaacha kazi nusu."

Nilitembea kurudi nyumbani peke yangu. Nilikuwa nangoja kutetemeka. Nilichokuwa nakiogopa kwa mwaka mzima kilikuwa mfukoni mwangu kimekunjwa mara nne, na miguu ilikuwa inatembea tu, na nilipokutana na watu niliwasalimu. Namshukuru Mungu kwamba nilisema kabla barua haijafika. Ningesema baada yake, hata mwenyewe nisingejiamini.

Ijumaa, 15 Julai

Jana sikumwambia Hilda. Leo nimemwambia, akiwa anachambua mchele. Nilizunguka sana, nikaanza na habari za serikali, za mashirika, za nchi nzima.

"Wamekuachisha," alisema.

"Mwezi wa kumi na mbili."

Aliendelea kuchambua. Akatupa chuya. Nikaanza kumweleza kwamba nitatafuta kibarua, kwamba asiwe na wasiwasi.

"Baba Dorine, nyamaza kwanza." Akaweka ungo magotini. "Miaka kumi na tisa nalima shamba la Mpitimbi peke yangu. Mvua ya kwanza ikinyesha, wewe uko mlimani unahesabu miti ya watu. Nikivuna, uko mlimani. Dorine kazaliwa uko mlimani. Mimi nilishazoea, silalamiki. Lakini usije ukaniomba nilie kwa sababu wanakurudisha."

Kisha akaniuliza kama nakumbuka jembe linashikwa upande gani.

Jumamosi, 16 Julai

Tumekwenda Mpitimbi pamoja. Mara ya mwisho nilifika shambani miaka mitatu iliyopita, nikakaa saa moja. Kumbe Hilda amechimba mfereji upande wa juu kuzuia maji yasibebe udongo, mrefu, umenyooka, kina cha goti. Amepanda mistari minne ya migomba. Mwembamba yule, kwa mikono yake. Nilitembea kando ya mfereji mpaka mwisho na kurudi.

Tukalima pamoja mpaka saa nane. Nina malengelenge manne. Yeye hana hata moja.

Jumatatu, 18 Julai

Mizigo imefungwa. Unga wa kutosha mwezi mzima, chumvi, mafuta ya taa. Lidwina amenona, Beda amejifunza kuzivaa buti zake. Bwana Rupert ameongeza siku mbili za mapumziko kwenye ratiba ya mwezi wa nane bila kutoa sababu. Kesho alfajiri tunaondoka kwenda kaskazini.

Nimemwambia Hilda kwamba mwezi wa tisa nikishuka nitakuja moja kwa moja kuandaa shamba, na mwezi wa kumi na mbili asianze kupanda mpaka nitoke ofisini kukabidhi vitu vya serikali.

Akasema mvua haitamsubiri mtu anayekabidhi vitu. Nikabidhi haraka.